Pikipiki ya Kiti Kimoja

Niliziba mrija wa oili wa pikipiki ya watu kwa gunzi la mahindi. Nalisema mwanzo kabisa, kwa sababu wanaonijua watauliza kama nimelisema, na wasionijua ni haki yao kujua mapema wamekaa na mtu wa akili gani. Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna aliyenituma. Darasani nilikuwa wa nne, na kama ungeniona siku ile ungeuliza hao waliokuwa nyuma yangu walikuwaje.

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ya wiki ni kutoka jikoni hadi kwenye kamba ya nguo, na nikifika pale najiona nimesafiri. Juzi nilikuwa nawasha jiko kwa magunzi, nikachukua bila kuangalia lile nililozibia dumu la oili chafu, ile tunayopaka nguzo za ua ili mchwa wasizile. Likashika moto. Moshi ukapanda mweusi, na ndani yake kulikuwa na harufu mbili ambazo hazijazoea kukutana, ya gereji na ya mahindi ya kuchoma. Nikaketi kwenye kigoda. Maji ya ugali yakachemka mpaka yakakaribia kuisha, nami nilikuwa Tororo, chini ya lile jiwe kubwa lililosimama juu ya mji, nina miaka tisa, nimeshika ufunguo juu ya tundu la choo.

Nitafika huko chooni. Twende taratibu.

Baba alikuwa fundi wa pikipiki. Watu walimwita Fundi Owor, na gereji yake ilikuwa banda la mabati ndani ya ua wetu, hatua chache kutoka veranda ambako mama alishona nguo za watu kwa cherehani ya miguu. Baba alikuwa mtu wa Padhola, mama mtu wa Samia, na Kiswahili ndicho kilichokuwa uwanja wao wa kati, kila mmoja akikivunja kwa upande wake. Mimi nilikuwa mtoto wao mmoja, na makazi yangu yalikuwa chini ya meza ya cherehani, penye vitambaa, ambapo ningeweza kuwaona wote wawili bila wao kukumbuka kwamba nina masikio. Ng'ambo ya ua aliishi Mama Nabwire, muuza mandazi, ambaye unga aliuchekecha vizuri sana lakini maneno hakuwahi kuyachekecha.

Pikipiki yenyewe haikuja kama pikipiki. Ilikuja juu ya pikapu ikiwa fremu moja, injini moja na magunia mawili, na mwenyewe akiitwa Wandera, mfanyabiashara wa Busia, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, mtu mnene mwenye kicheko kilichotangulia kuingia kabla ya tumbo lake. Ilikuwa ya Kijapani, ya mbio, ya miaka ile wazazi wetu walipokuwa vijana. Mhandisi fulani mgeni aliiacha stoo akaondoka, na kuku wakapewa nyumba. Wandera aliipata ikiwa na manyoya kwenye tangi.

"Fundi, hii ina tabo," alisema, akipiga gunia kwa kiatu. "Pikipiki iko na tabo kama lori! Uliona wapi?"

Baba hakuwa ameona popote. Alifungua gunia, akatoa hiyo tabo, chuma kilichojikunja kama konokono, akakishika kwa mikono miwili jinsi mtu anavyopokea kichanga. Baadaye alinionyesha: ndani kuna kigurudumu chenye mapezi, moshi wa injini unakizungusha, nacho kinasukuma hewa irudi kwenye injini kwa nguvu. "Gari zingine zinavuta pumzi," aliniambia. "Hii inapigwa pumzi." Sikuelewa, lakini nilitikisa kichwa, ujuzi ambao umenisaidia maishani kuliko hesabu.

Wandera hakutaka irudi ilivyotoka kiwandani. Alitaka yake peke yake, akipita Busia watu wasimame waulize. Basi baba akaanza kuiunda upya. Ule ubongo wa umeme uliokuwa ukiigawia petroli ulikuwa umekufa, akautupa, akatafuta kabureta, akazifungia ndani ya kisanduku alichochomelea mwenyewe ili upepo wa konokono usizitapishe. Bushi za konokono, zile pete za kushikia mhimili wake, alikerezewa na mzee mmoja mjini. Alizirudisha mara tatu, kila mara akizipima kwa unywele wa mama aliouchomoa bila ruhusa. Usukani aliushusha, fremu ya nyuma akaikata. Ilichukua msimu mzima wa mvua na kiangazi chake. Mama akawa anaita chakula mara tatu, ya nne anakula.

"Hii kitu imekula mume yangu," alimwambia Mama Nabwire kupitia ua.

"Afadhali imekula ikiwa hapa nyumbani," alijibu Mama Nabwire. "Wengine wanaliwa mbali."

Nilikuwa chini ya meza. Nililiweka neno hilo kando kama kitambaa ambacho hujui bado kitashonwa nini.

Na baba alikuwa amebadilika. Alianza kupiga mluzi. Jioni alijisugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga hadi viwiko, mtu ambaye zamani alikula na oili yake akasema ni vitamini. Alinunua shati jeupe. Fundi wa pikipiki na shati jeupe! Mara kwa mara alikuwa akipanda basi kwenda Busia kutafuta vipuri, anarudi kesho yake, na kipuri hakionekani. Wandera alipokuja kukagua, walisimama kwenye mlango wa banda, na nilimsikia baba akisema, "Siku hii chuma italia, mimi navuka."

Wandera akamgonga begani. "Na ukivuka, Fundi, hutaki kurudi. Nakujua wewe."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Sasa gunzi. Ilikuwa Alhamisi, vumbi la kiangazi likipita uani kama lina miadi. Baba alikuwa ameosha kwa petroli ule mrija mwembamba unaopeleka oili kwenye konokono, akaupuliza, akautazama kwenye mwanga, akaulaza juu ya meza. Alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba konokono huzunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuihesabu, na kitu pekee kinachoitenganisha na kifo ni utando wa oili mwembamba kuliko karatasi. "Bila oili, dakika chache tu, inapasuka," alisema. "Na iko hapa," akagusa goti lake.

Akaitwa nje. Kuku wakaanza kuparua vumbi karibu na meza. Nikawafukuza, wakarudi. Nikafanya ambalo mtoto yeyote wa kwetu angefanya. Wewe uliyekua wakati wangu unajua: chupa ya mafuta ya taa, dumu la maji, kibuyu cha maziwa, vyote vilikuwa na kizibo kimoja, gunzi. Nikachonga kipande kidogo kwa wembe wa mama, nikakisukuma kwenye mdomo wa mrija. Kikakaa vizuri sana. Nikajisifu. Kisha nikakivuta kuona kama kitatoka, kikakatikia ndani, sawa kabisa na ukingo, hata ukipitisha kidole hukisikii.

Nilikusudia kusema. Nawaapia nilikusudia. Nilikuwa natafuta tu saa ambayo baba angekuwa na furaha, na tatizo ni kwamba alikuwa na furaha saa zote, na sikutaka kuwa mimi wa kuiharibu. Jioni aliufunga mrija nikiangalia. Spana ilipogeuka mara ya mwisho nilijikuta nimeuma ulimi.

Ijumaa mama alishona kiti. Baba alimletea sponji, ngozi ya bandia nyeusi, na ubao alioukata. Mama aliupima ubao kwa futi yake, akaupima tena. "Ni kadogo," alisema.

"Ni hivyohivyo."

"Hapa hakuna mtu wa pili anakaa."

"Ni ya mtu mmoja," baba alisema, akageuka akaenda zake.

Mama alishona bila kuimba. Kutoka chini ya meza niliona mguu wake ukikanyaga cherehani, ukisimama, ukikanyaga. Alipomaliza alikata uzi kwa meno na akakaa na kile kiti mapajani kwa muda ambao ulinitosha kupiga hesabu zangu zote. Shati jeupe. Mikono safi. Navuka. Hutaki kurudi. Wengine wanaliwa mbali. Na sasa kiti cha mtu mmoja. Pikipiki ilikuwa ya Wandera, lakini baba ndiye angevuka nayo; kama alikuwa na nia ya kutuchukua, si angeacha mahali pa mama? Na mimi ningekaa juu ya tangi, nilikuwa nimeshajichagulia.

Hapo ndipo lile kosa la Alhamisi lilipobadilika rangi. Nililala nikijua jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyelijua: ile pikipiki haitalia. Gunzi litaiua hapahapa uani, baba atavua shati jeupe, atarudi kupaka oili kwenye ugali. Sikupanga hivyo, lakini nilipoona hivyo nilinyamaza. Ile ya kwanza ilikuwa ajali. Hii ya pili, hata leo sijaipatia jina zuri.

Jumamosi asubuhi watu walijaa uani kama kwenye mahari. Wandera alikuja na kofia mpya ya kuendeshea, akitangaza kwamba fundi ndiye atakayeiendesha mpaka Busia, yeye atafuata na pikapu, kwa sababu hakuthubutu kuwa wa kwanza. Mama Nabwire alikuja na sinia la mandazi, kuuza na kutazama kwa pamoja. Baba alivaa shati jeupe. Akageuza ufunguo, ambao mama alikuwa ameufunga uzi mwekundu, akabonyeza kitufe, na pikipiki ikalia.

Ililia vizuri. Haikukohoa hata mara moja. Sauti ilipanda nyayoni, na juu yake kulikuwa na mluzi mwembamba, kama mtu anapuliza kwenye shingo ya chupa. Watu walipiga makofi. Haikufa. Ilikuwa inakunywa petroli na kucheka, na konokono ilikuwa inazunguka bila oili, karibu na goti la baba.

Baba alikuwa na kanuni: konokono haiendeshwi ikiwa baridi. Injini iachwe ingurume taratibu muda wa kikombe kimoja cha chai, oili ipande, ipite kila mahali. Kikiisha kikombe, unaenda. Mama akamletea kikombe. Akasimama kando ya pikipiki, akanywa funda la kwanza, akamsikiliza Wandera.

Nilikitazama kile kikombe kama sijawahi kutazama kitu. Alikuwa mtu wa kunywa chai ya moto. Funda la pili. Nikamvuta shati kwa nyuma. "Baba."

"Ngoja."

"Baba, usipande."

"Usinichafue shati, mwanangu."

La tatu. La nne alikiinamisha, nikaona kitako cha kikombe. Nikajua kwamba nikisema gunzi, ataliondoa, ataondoka salama, na hatarudi. Nisiposema, ataondoka hivyohivyo, na konokono itapasuka njiani, na pia hatarudi. Kwa akili yangu ya nafasi ya nne sikuona mlango wa tatu. Basi mkono ukaamua wenyewe. Nikapita chini ya kwapa lake, nikageuza ufunguo, nikauchomoa, nikakimbia.

Injini ilizima. Sehemu pekee ya ua wetu yenye komeo ilikuwa choo, nikaingia, nikafunga, nikasimama juu ya tundu nikining'iniza ufunguo kwa uzi wake mwekundu.

"Toka," alisema baba nje.

"Sitoki."

"Toka na hiyo ufunguo."

"Ukisukuma mlango naiachia. Naiachia shimoni!"

"Woi, Fundi!" Hiyo ilikuwa sauti ya Wandera, na kicheko hakikuwemo. "Hiyo ufunguo ni moja tu! Ongea na msichana polepole. Mrembo, utakula soda? Utakula soda ya rangi gani?"

"Sitaki soda. Baba aseme haendi."

"Siendi wapi?" baba aliuliza. "Napeleka mali ya mwenyewe Busia. Jioni narudi na basi."

"Uongo! Umetengeneza kiti cha mtu mmoja!"

Kisha Wandera akaanza, kwanza kama mtu anayesafisha koo, halafu kicheko chote kikamtoka. "Kiti? Mtoto, kiti ni mimi nilitaka! Unajua niko na mashemeji wangapi? Kila asubuhi, Wandera nishushe soko, Wandera nifikishe mpakani, Wandera mama yako mdogo anaumwa mguu. Nikamwambia fundi, kata hiyo nyuma yote. Atakayetaka kubebwa akae kwa taa!"

Ua mzima uliangua kicheko. Nilisikia sinia la Mama Nabwire likigonga kitu. Kwenye mlango wa bati kulikuwa na tundu la msumari, nikaweka jicho. Watu walikuwa wameshikana mabega. Baba naye alikuwa anacheka, lakini haraka haraka, kama anayemaliza kazi. Mama alikuwa amesimama na futi shingoni. Hakuwa anatazama choo. Alikuwa anamtazama baba, na hakuwa anacheka.

"Umesikia?" alisema baba. "Sasa toka."

"Kuna kitu kingine."

"Kitu gani tena?"

"Gunzi."

"Gunzi ya nini?"

"Nimeziba nalo mrija. Ule mwembamba. Wa konokono. Nilikuwa nazuia vumbi, likakatikia ndani."

Kiganja chake kilitua kwenye bati, karibu na uso wangu. Nilidhani ni hasira. Sasa nafikiri alikuwa anatafuta pa kuegemea.

Aliufungua mrija mbele ya watu wote. Akautoboa kwa spoki ya baiskeli, na kipande kikadondoka kiganjani, nusu kikavu, nusu kimelowa. Moshi kidogo ulikuwa ukitoka kwenye konokono, na ile harufu ndiyo iliyonifuata hadi jikoni kwangu juzi. "Nilipaka oili kwa mkono wakati wa kufunga," alimwambia Wandera polepole. "Hiyo ndiyo imevumilia. Nikifika Busitema, huko njiani, nikiivuta, ingepasukia hapa." Hakugusa goti safari hii.

Kisha akanigeukia. "Tangu lini ulijua?"

"Alhamisi."

"Na jana ulijua? Na leo nikinywa chai ulijua?"

"Nilijua."

Nilisubiri kofi, na ningelikubali. Hakunipiga. Alinitazama jinsi alivyozoea kutazama injini inayogonga mahali asipopajua, kisha akatazama pembeni, wa kwanza kati yetu kutazama pembeni. Akasafisha mrija, akaupuliza mara mbili, akaufunga. Akanywa kikombe cha pili bila kuketi. Akaenda. Tulisikia ule mluzi ukipanda barabara ya lami, ukapungua, ukaisha.

Jioni alirudi na basi, kama alivyosema. Alileta mkate mzima na soda nyekundu. Nilikula kwa aibu na kwa hamu, vyote viwili, na mtaa mzima ukapata kazi ya kunitania. Watoto waliniita Fundi Gunzi. Mama Nabwire akinipa andazi aliuliza kama nitaondoka nalo mpaka chooni. Nilikubali kila utani, kwa sababu kila utani ulimaanisha kwamba nilikosea, na kukosea kulikuwa raha kubwa kuliko nilivyowahi kujua. Baba yupo. Yupo bandani. Mjinga ni mimi tu.

Kabla mahindi hayajakomaa, Wandera alimfungulia baba gereji upande wa Kenya; watu wa Busia walikuwa wameiona ile pikipiki na kuuliza, kama alivyotaka. Baba aliondoka mchana kweupe nyuma ya boda, sanduku la spana mapajani, akitupungia mkono, kwenye kiti kirefu ambacho kingeenea watu watatu. Alisema Jumamosi zote zitakuwa zetu. Zikawa zetu kwa muda. Kisha zikawa moja kwa mbili, kisha zikawa salamu.

Wandera ndiye aliyekuja kusema, maskini, kofia mkononi, kicheko amekiacha mpakani. Huko Busia baba alikuwa na nyumba nyingine. Mtoto wa huko alikuwa tayari anatembea. Mama alihesabu miezi kwa vidole juu ya meza ya cherehani, akarudi nyuma mwezi kwa mwezi, mpaka akafika kwenye zile safari za vipuri, akasimamisha kidole hapo. Wandera aliaga. Hakuna aliyemsindikiza.

Mama Nabwire aliingia bila hodi, akaketi kwenye ngazi ya veranda na sinia lake tupu. Mama akanitazama chini ya meza, mahali ambapo nilikuwa nimeanza kuwa mkubwa mno kuenea, akajaribu kutabasamu. "Na huyu tulimcheka," alisema. "Siku ile ya choo, ua wote tulimcheka."

"Mlicheka bure," alisema Mama Nabwire. "Mtoto alikosea ya kiti tu. Ya baba yake alipata yote."